Kilichotoka Kwenye Kopo la Maziwa

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya akina mama wasiopungua ishirini. Nawaandikia haraka kabla jirani yangu Mama Rehema hajawafikia, maana alikuwepo, na akisimulia yeye mambo yatakuwa makubwa kuliko yalivyokuwa. (Na yalivyokuwa yanatosha.)

Wengi wenu mnajua kwamba siku hizi niko nyumbani. Ofisi niliyokuwa nafanyia kazi ilifunga milango. Mke wangu Solange akabaki na cherehani yake kule Mapendo, mimi nikabaki na mtoto. Binti yetu Asifiwe ana miezi kumi na saba. Anatembea, anacheka, anajua kusema "papa" na "hapana", na hilo la pili ndilo analolitumia zaidi.

Shida ilikuwa vidole. Miezi michache iliyopita tulikwenda kupima uzito kwenye kituo cha afya cha kartie yetu, hapa mtaani. Muuguzi wa pale, Mama Zawadi, akamwekea kipande cha biskuti mezani. Watoto wa rika lake walikuwa wanaokota kwa vidole viwili, taratibu, kama watu wazima. Wangu alikikumba kwa kiganja kizima kama mtu anayezoa changarawe. Biskuti ikaanguka chini. Akamtazama muuguzi, kisha akanitazama mimi, akangoja nimwokotee.

Nikamwokotea. (Hapo ndipo muuguzi alipouona ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mimi.)

Mama Zawadi alimkagua mikono yote miwili, akamkunja na kumkunjua vidole, kisha akaniambia bila kuficha. "Papa, mutoto hana ugonjwa. Vidole vyake njo vinakosa kazi. Umupatie kazi."

Nikauliza michezo ya namna hiyo inauzwa wapi. Akasema haiuzwi, nirudi nyumbani nikaangalie jikoni.

Nilianza alasiri ileile. Nilikusanya vifuniko vya soda, nikamfundisha Asifiwe kuvitumbukiza kwenye chupa. Nilijiona mwalimu. Safari iliyofuata nikampelekea muuguzi kwa fahari, naye akavizoa vyote akavitia mfukoni mwake. Akanieleza kwamba chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni mwa mtoto siku moja kitaingia, na kwamba nitengeneze vitu vikubwa kuliko ngumi yake. Nilirudi nyumbani nimenywea. Lakini sikuacha.

Nikakata bidoni la njano, lile dumu la maji, nikasugua kingo zake kwa jiwe la volkano mpaka zikawa laini kama shavu, nikatafuta vifuniko vikubwa vya plastiki vya kutumbukiza humo. Nikachukua beseni na vibanio vya nguo, avipachike ukingoni na kuving'oa. Seremala anayetengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, pale njia panda akanikatia kipande cha ubao, nikakifungia parafujo nene na nati kubwa ya kuzungusha.

Lakini kazi yangu bora kuliko zote ilikuwa kopo la maziwa ya unga. Nililijaza vipande virefu vya kitenge alivyobakiza Solange kazini. Mdomo wa kopo Solange aliuvika kitambaa chenye mpira, kikaacha tundu katikati ambalo mkono wa mtoto unapita na kinachobaki ndani hakionekani. Mtoto anaingiza mkono, anapapasa, anabana ncha kwa kidole gumba na cha shahada, anavuta. Kinatoka chekundu, kinatoka cha njano, na mtoto anashangaa kila mara kama ni mara ya kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyotarajia. Wangu alilivaa kopo kichwani.

Wiki kadhaa nililala kifudifudi sakafuni nikivuta vitambaa mwenyewe, nikishangaa mwenyewe, nikijipigia makofi mwenyewe. Mama Rehema alipita mlangoni mara mbili akaniona hivyo, na mara ya tatu alimuuliza Solange kama nimepata ushauri wa daktari. Sikujali. Siku moja Asifiwe alibana ncha ya kitambaa, akavuta kidogo, akaacha. Kesho yake akavuta chote. Baada ya hapo akaanza kuvirudisha ndani, na hilo muuguzi alikuwa ameniambia ni hatua kubwa zaidi. Nilimkimbilia Solange kazini na mtoto mgongoni kumpa habari, wateja wake wakadhani kuna msiba.

Basi, Jumamosi mama mkwe akafika kutoka Kibumba.

Mama mkwe wangu ni mtu wa milima ya Masisi. Sasa anaishi Kibumba kwa mtoto wake wa kiume, analima kabichi na mahindi. Si mtu wa maneno mengi, na analosema halirudii. Aliingia na gunia lake, akakuta mjukuu wake amekaa katikati ya makopo, bidoni lililokatwa na vibanio, na mkwe wake kalala chini na kitambaa chekundu mkononi.  Kisha akauliza kama hapa ndipo taka za nyumba zote za parseli hii zinapotupwa.

Jumapili baada ya chakula alitoa hukumu. Alisema mwanaume hakai na mtoto mchana kutwa, mtoto anaharibika. Alisema atarudi Kibumba na Asifiwe, akae naye mpaka nitakapopata kazi. Alisema kwa upole, na ndiyo maana niliogopa. Nilimtazama Solange nikitegemea atasema neno. Solange aliitazama sahani yake. Hilo liliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Usiku huo sikujadiliana na mtu. Asubuhi nilimwambia mama mkwe kwamba Mama Zawadi ameniomba nije siku ya kupima watoto niwaonyeshe akina mama vitu nilivyotengeneza. Nikamwomba aje. Akiona kwa macho yake kwamba ni taka, nitamfungia mtoto nguo mimi mwenyewe. Alifikiri. Akasema atakuja.

Siku yenyewe ndiyo leo.

Niliamka mapema. Nikamkuta mama mkwe amepiga magoti kwenye chumba anacholala na Asifiwe, kichwa kimeinama karibu na sakafu. Nikajua anasali. Nikarudi nyuma kwa adabu. Baada ya muda nikapita tena, bado amepiga magoti, ila sasa yuko upande wa pili wa kitanda. Nikasema moyoni, huyu mama ananiombea nishindwe kila pembe ya nyumba.

Nilimchomea mahindi aliyoleta mwenyewe, anayapenda kupita kiasi. Akayakataa kwa mkono. Akanywa uji tu, amegeukia ukuta. Nilipomuuliza kama yuko tayari, alitikisa kichwa kukubali huku amejifunika kitenge mpaka puani. Solange, ambaye alikuwa anatoka kwenda kazini, alimuuliza mama yake kitu kwa sauti ya chini, akajibiwa kwa sauti ya chini zaidi. Kisha Solange akaniambia nisiwe na wasiwasi, mama amechoka tu. Lakini alipokuwa anatoka, macho yake yalizunguka chini ya meza na chini ya viti.

Mimi nilielewa nilichotaka kuelewa. Nilielewa kwamba mama mkwe amekasirika kiasi cha kukosa hamu ya kuongea na mimi. Vizuri. Nikajifunga kitenge, nikamweka Asifiwe mgongoni, nikapanga vitu vyangu kwenye beseni na kopo juu kabisa, nikajitwika beseni kichwani. Kopo niliona kama limekuwa zito kidogo. (Nikafikiri ni woga wangu.)

Kutoka kwetu mpaka kituoni si mbali, lakini njia ni ya mawe meusi, na mwanaume mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni anaonekana kutoka mbali. Vijana wa moto, wale wa pikipiki, waliacha kutafuta abiria wakanitazama. Mmoja akauliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikamjibu yuko kazini, kama yeye. Nikaendelea. Mama mkwe alikuwa anakuja nyuma yangu, hatua kumi kamili. Nikipunguza mwendo naye anapunguza. Nikisimama anasimama na kutazama mlima wetu wa volkano.

Kituoni akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi, watoto mapajani, mizani inaning'inia kwenye boriti. Mama Rehema alikuwa mstari wa mbele na mjukuu wake. Mama mkwe alikaa benchi la mwisho, kitenge puani. Muuguzi akanitambulisha kwa maneno mazuri mno. Alisema huyu papa ametufundisha sisi wote, na akaniachia uwanja.

Nikaanza na bidoni. Nikamkalisha Asifiwe, nikampa kifuniko kikubwa cha bluu, nikamwambia atumbukize. Akasema hapana. Nikatumbukiza mimi, nikashangaa, nikajipigia makofi. Akasema hapana. Akachukua kifuniko akakirusha, kikampata mama mmoja begani. Nikaomba radhi. Nikaeleza kwamba kurusha pia ni kazi ya mkono. Akina mama wakakubali kwa vichwa, kwa huruma.

Nikaenda kwenye vibanio. Nyumbani Asifiwe anang'oa vibanio sita bila kupumzika. Leo akaweka mikono nyuma kama mkaguzi. Nikakumbuka mchezo wetu mmoja. Huwa najibana kibanio kwenye sikio, naye anakuja kuking'oa huku akicheka. Nikajibana. Nikamwinamia. Akanitazama vizuri, akageuka akaenda kuangalia viatu vya mtoto mwingine.

Nikaendelea kuwaeleza akina mama umuhimu wa kidole gumba. Niliongea dakika nyingi, kwa utulivu, nikipita huku na huku. Nilishangaa kuona wote wananisikiliza kwa makini namna ile, macho yote kichwani kwangu. (Kibanio kilikuwa bado sikioni. Cha kijani.)

Nilitazama nyuma. Mama mkwe alikuwa ameinamisha uso kabisa, mabega yakimtikisika. Nikafikiri analia kwa aibu. Nikajiambia, hapa sitoki bila kushinda. Nikachukua kopo.

Nikalinyanyua juu wote walione. Nikaeleza limetengenezwaje, kwamba halijamgharimu mtu kitu, kwamba mtoto anajifunza kupapasa bila kuona. Kisha nikaonyesha. Nikabana kwa vidole viwili, nikavuta. Kitenge chekundu. Watoto wakanyamaza. Nikavuta cha njano. Mtoto mmoja akacheka. Nikavuta cha maua, na sasa akina mama wenyewe walikuwa wanasogea mbele kuona kinachofuata. Mambo yalikuwa yamekaa vizuri.

Nikavuta soksi. Sikujua soksi imeingiaje. Nikasema soksi pia inafaa.

Nikavuta tena. Kilikuwa kitambaa kikubwa, kimejikunja, kikakwama kwenye mpira. Nikakivuta kwa nguvu kwa sababu sikutaka waone kwamba mchezo wangu unakwama. Kikachomoka kwa ghafla, kikakunjuka hewani mbele ya uso wangu.

Ilikuwa nguo yangu ya ndani. Ile ya bluu iliyochakaa, ambayo Solange aliitia kiraka nyuma kwa kitenge chenye picha za samaki.

 Ningekuwa na akili ningeikunja nikasema ni kitambaa cha kawaida, na nusu yao wangeamini. Lakini Mama Rehema alikuwa mstari wa mbele.

"Ile kaleso minaijua," akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. "Inakaukaka ku kamba yetu."

Walicheka mpaka watoto wakaamka. Mama mmoja alimkabidhi jirani yake mtoto ili acheke vizuri. Mama Zawadi alijitahidi, nawaapia alijitahidi, akanishauri kwa upole tuende kwenye ule ubao wenye nati. Nikakataa. Nilikuwa nimeweka dau langu lote kwenye lile kopo, na nyuma kule kulikuwa na mama aliyekuja kunichukulia mtoto. Nikaitia kaleso mfukoni nikasema kwamba nguo yoyote safi inafaa, na kwamba bado kopo halijaisha. Nikalitikisa kuwathibitishia.

Ndani kikalia kitu kigumu. Kwa-kwa-kwa.

Nyumbani hakuna kitu kigumu ndani ya kopo lile. Nikaingiza mkono wangu, haukupita. Nikajaribu vidole vitatu, mpira ukanibana. Nikawa natafuta namna ya kulivua kopo mkononi wakati Asifiwe alipogeuka. Aliusikia ule mlio. Akaacha viatu vya mwenzake, akaja mbio na miguu yake mifupi, akanishika suruali. Akasema, "Papa."

Nikapiga magoti, nikatoa vidole, nikamwekea kopo mbele. 

Aliingiza mkono mpaka kiwiko. Alipapasa taratibu, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha akatoa mkono. Kidole gumba huku, cha shahada huku, vingine vitatu vimekunjwa vizuri kabisa. Katikati ya vile vidole viwili, ameibana kwa jino moja tu la mbele, alikuwa ameshika safu nzima ya meno.

"Muangalie vidole!" Mama Zawadi akasema. Masikini, yeye aliona vidole tu. Ni kazi yake.

Wengine waliona meno. Meno ya juu yote, meupe, na ufizi wake wa rangi ya waridi. Mimi akili yangu ilikuwa imesimama. Sikuwahi kuona meno ya bandia kwa karibu. Wazo pekee lililonijia ni kwamba kuna mgonjwa wa kituo ameyapoteza, mtoto ameyaokota pale chini, na ni wajibu wangu kuyarudisha kwa mwenyewe. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo mpaka naingia kaburini sitalisahau. Nikayachukua kutoka kwa mtoto, nikasimama, nikayanyanyua juu kabisa ili hata wa mwisho waone.

Nikauliza, "Hii meno ni ya nani?"

Akina mama wakatazamana. Mmoja akajigusa mdomo, nadhani bila kukusudia. Nikauliza tena, kwa sauti zaidi. (Mara ya pili. Mniombee.)

Benchi la mwisho likalia. Mama mkwe alikuwa amesimama.

Miaka sita nimeoa katika familia ile. Nimekula naye kwenye harusi na vilio. Nimemwona akitafuna mahindi magumu ambayo mimi yananishinda. Sikuwahi kujua. Wakati ule, katika hatua zile alizokuwa anakuja, nikaelewa kila kitu kwa mpigo: magoti asubuhi, uji, kitenge puani, macho ya Solange chini ya meza. Nikatamani ule mlima aliokuwa anautazama barabarani utoe moto wake saa ileile, utufunike sote.

Hakukimbia. Alikuja kwa mwendo wake wa kila siku. Akanyoosha mkono, nikayaweka kiganjani mwake bila kuinua macho. Akaenda kwenye ndoo ya kunawia mikono, akayaosha kwa sabuni, akayasuuza mara mbili, akatugeuzia mgongo. Alipogeuka kitenge kilikuwa kimeshuka mabegani.

Kisha akanisogelea na kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akanyoosha mkono akaning'oa kile kibanio sikioni, kwa kidole gumba na cha shahada, akakirudisha kwenye beseni.

"Ni yangu," akawaambia wale akina mama. "Jana mangaribi niliyaweka ndani ya kikombe, pembeni ya kitanda. Kikombe ya maji. Huyu mutoto ameyatoa ndani ya maji bila kumwanga, akayapitisha mu ka tundu kadogo, akafichaka. Mimi nimetafuta tangu asubui. Nani amesema vidole vyake viko na shida?"

Hakuna aliyekuwa amesema. 

Mama mkwe alianza kucheka yeye. Kicheko kidogo, cha puani, mkono ukienda mdomoni kwa mazoea na kushuka tena. Hapo ndipo wengine walipopata ruhusa. Nami nikacheka, ingawa changu kilikuwa karibu sana na kilio. Asifiwe alikaa chini akaanza kurudisha vitambaa ndani ya kopo, kimoja kimoja, kama hakuna kilichotokea.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kupimwa uzito. Walitaka kopo. Waliuliza mpira unashonwaje, kopo la ukubwa gani, mtoto wa miezi mingapi anaanza na nini. Mama Rehema aliuliza kama anaweza kutumia sufuria kuukuu, na akasema mbele ya watu kwamba kumbe wakati ule niko chini sakafuni nilikuwa na akili zangu. Muuguzi akaniomba nirudi siku ya kupima inayofuata. Aliongeza neno moja tu, kwamba safari ijayo nikague kopo kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu mtoto akishajua kuingiza na kutoa, hachagui.

Tulipokuwa tunaondoka mama mkwe aliomba mtoto. Akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, kwa kitenge chake, akakaza fundo.  Nikasema basi, ameona, ameamua, na baada ya yale ya leo siwezi kufungua mdomo kumpinga. Nikajitwika beseni langu. Tukatembea, ila safari hii hakuwa nyuma yangu hatua kumi. Alikuwa kando yangu. Wale vijana wa moto walitutazama tena, naye akawatazama mpaka wakageuka.

Njia panda, pale panaposimama magari ya Kibumba, alisimama. Nami nikasimama. Nilianza kufikiria nguo za mtoto, ipi ya baridi, kule kuna baridi. Akafungua kitenge, akamshusha Asifiwe, akanikabidhi.

Aliongea kwa muda, na mengi ya aliyosema nitabaki nayo mwenyewe. Alisema katika umri wake ameona wanaume wakibeba vitu vingi, vingine afadhali wasingevibeba, lakini hajapata kuona anayebeba mtoto na beseni katikati ya watu wanaomcheka na asiinamishe kichwa. Alisema alipokuwa benchi la nyuma hakuwa analia. Alikuwa anajizuia kucheka, maana hakuwa na meno ya kuchekea. Kuhusu Kibumba akatoa neno la mwisho.

"Mutoto abaki kwako, Papa Asifiwe. Mimi niko na meno haya tu."

Solange amerudi jioni, habari zilikuwa zimeshamfikia Mapendo kabla hajafunga cherehani. Alijua kuhusu meno miaka yote. Alipouliza nilijisikiaje, nilimwonyesha kaleso, bado ilikuwa mfukoni. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha ameniomba msamaha kwa ile Jumapili aliyonyamaza, nami nimeupokea.

Kwa hiyo ndugu zangu mlio na watoto wadogo, tengenezeni makopo. Yanafanya kazi, mimi ni shahidi na nina aibu ya kuthibitisha. Ninachoomba ni kimoja, msicheke. Na mkikutana na mama mkwe wangu njiani, msalimieni vizuri na mmtazame machoni.